Mnara wa Maji Kupakwa Picha: Maswali Yenu, Majibu Yetu

Mnara wa maji ndio jengo linaloonekana kuliko yote katika miji yetu mingi ya Uganda, na karibu kila mahali umeachwa na rangi ya kijivu na michirizi ya kutu. Barua kuhusu jambo hili zimekuwa nyingi. Tumechagua saba, tukafupisha maswali. Majibu hatukuyafupisha sana.

Salaam, wahariri. Baraza letu limekubaliana tanki la maji la katikati ya mji lichorwe. Fedha zipo, ingawa si nyingi. Tuanze na nani: msanii, fundi rangi au mhandisi? — Diwani, Tororo

Anzeni na mwenye tanki, Mheshimiwa. Tanki kusimama katikati ya mji hakulifanyi kuwa la baraza. Katika miji mikubwa huwa liko chini ya Shirika la Taifa la Maji na Maji Taka, NWSC. Miji midogo mingi inahudumiwa na mamlaka za maji za kanda, zile ambazo watu huziita Umbrella. Bila barua yao hakuna mtu wa kupanda ngazi.

Katika barua yenu ombeni vitu vitatu kwa pamoja: kibali, ripoti ya ukaguzi wa mwisho, na tarehe ambayo tanki limepangiwa rangi ya matengenezo. Tarehe hiyo ndiyo itakayoamua bajeti yenu. Kukwangua kutu, kukodi jukwaa, praima (rangi ya chini kabisa), bima ya wafanyakazi: hizi ni gharama ambazo mwenye tanki atazilipa siku moja, picha iwepo isiwepo. Picha ikiingizwa ndani ya kazi hiyo, ninyi mnabaki kulipia ubunifu, rangi za juu na siku za ziada za jukwaa. Ikifanywa peke yake mnalipia yote, na baada ya mwaka mmoja au miwili mafundi wa matengenezo watakuja kuikwangua kwa brashi ya waya, wala hawatakuwa wamekosa.

Mhandisi anafuata. Aangalie miguu, boliti, ngazi, na zaidi ya yote mivujo. Tanki linalovuja halichorwi. Maji yanayopenya kutoka ndani husukuma rangi yoyote, hata ya bei ghali. Kama kuna antena za simu juu yake, kampuni husika izizime wakati watu wanafanya kazi mbele yake. Na kama mji una uwanja wa ndege karibu, waulizeni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, UCAA, kabla ya kufunika mistari myekundu na myeupe au kuhamisha taa nyekundu. Ile si mapambo.

Msanii ni wa tatu, na hapatikani kwa kupeana mikono. Fedha ni za umma, kwa hiyo sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2003 inawahusu. Karani wa mji ndiye afisa masuuli, na kamati ya mikataba ina kazi yake. Toeni mwito wa kurasa mbili: vipimo vya tanki, picha zake kutoka barabara zote zinazoingia mjini, bajeti yenyewe kwa shilingi, na aina ya rangi itakayotumika. Chagueni watatu, muwalipe wote kwa michoro yao, kisha mmoja apate kazi. Kuwaomba wasanii kumi michoro ya bure ni kukaribisha michoro iliyofanywa usiku mmoja.

Tahadhari moja. Mkishindanisha bei tupu, atakayeshinda ni yule atakayeichanganya rangi na petroli ili ienee. Heri mji ununue rangi wenyewe, makopo yafunguliwe mbele ya msimamizi, na msanii alipwe kwa ubunifu na kazi ya mikono. Msitafute kwenye vyuo tu, Makerere na Kyambogo. Wachora mabango wa mjini kwenu wana mkono wa herufi ambao wahitimu wengi hawana, na wamezoea ngazi. Mmoja wa kila upande hufanya timu nzuri.

Nimepewa kazi ya tanki la paneli za chuma, paneli 6 kwa 6, kimo paneli 3, juu ya miguu ya mita 12. Ninunue rangi kiasi gani? Na mbona kazi ya mwenzangu kwenye tanki kama hili ilibanduka vipande vipande kama ganda la ndizi kabla ya mwaka? — Msanii, Mbale

Hesabu kwanza. Paneli za aina hii kwa kawaida zina upande wa mita 1.22, yaani futi 4 za zamani (pima yako, kwani zipo za mita 1). Pande nne ni paneli 72, kila moja mita za mraba 1.49, jumla 107. Lakini paneli si bapa: ina mbinuko wa msalaba katikati, kingo za kuunganishia na boliti pande zote. Ongeza asilimia 20, utapata kama mita za mraba 128. Kitako cha tanki na miguu ni hesabu nyingine.

Lita moja itafunika kiasi gani? Soma karatasi ya maelezo ya rangi, siyo maneno ya muuzaji. Chukua asilimia ya yabisi kwa ujazo, yaani sehemu ya rangi inayobaki ikishakauka, zidisha kwa 10, gawanya kwa unene unaotakiwa wa rangi kavu kwa mikroni (sehemu ya elfu ya milimita). Praima ya epoksi yenye yabisi asilimia 80, unene wa mikroni 125, inatoa mita 6.4 kwa lita. Toa asilimia 30 inayopotea kwenye rola, upepo na kopo, zinabaki 4.5. Gawanya 128 kwa 4.5: lita 29, nunua 32. Rangi ya juu ya poliyurethani yenye yabisi asilimia 50, mikroni 50, inatoa mita 10, na baada ya upotevu 7. Yaani lita 18 na kidogo kwa mkono mmoja. Panga mkono mmoja wa rangi ya msingi tanki zima, halafu gawa lita nyingine 18 kwa rangi za picha kulingana na eneo la kila moja. Njano kali na nyekundu hazifuniki vizuri, hivyo ziandikie mara mbili.

Sasa kubanduka. Rangi inayotoka vipande vipana, huku nyuma yake pakiwa laini na pasafi, kwa kawaida haikuharibiwa na jua. Ilikosa kushika tangu siku ya kwanza. Sababu tunazozishuku ni tatu.

Ya kwanza ni wasanii kuchelewa. Epoksi ina muda wake wa kupokea rangi inayofuata. Umeandikwa kwenye karatasi, mara nyingi ni siku chache tu. Ukipita, uso unakuwa mgumu kama kioo na rangi ya juu inakaa tu bila kung'ata. Fundi rangi wa kawaida hapati shida hii kwa sababu anapaka leo na kesho. Mchoraji anapaka praima Jumatatu, anachora kwa wiki tatu, na upande wa mwisho anaufikia muda umekwisha zamani. Dawa yake: paka rangi ya msingi tanki zima ndani ya muda huo, kisha chora juu yake kwa rangi za familia ileile. Ukichelewa hata hivyo, piga msasa mpaka mng'ao ufe, futa vumbi, ndipo uendelee.

Ya pili ni jasho la tanki. Maji yaliyo ndani hulifanya bamba la chuma liwe baridi kuliko hewa, na asubuhi unyevu wa hewa hutua juu yake, mara nyingine kwa utando mwembamba ambao jicho halioni. Kanuni ni kwamba chuma kiwe na joto lisilopungua nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande, na unyevu wa hewa usizidi asilimia 85. Tuseme saa mbili asubuhi hewa ina nyuzi 24 na unyevu asilimia 85: umande unatua kwenye nyuzi 21 hivi, na bamba linaloguswa na maji ya nyuzi 23 bado halifai. Kufikia saa tano hewa imefika 28, unyevu umeshuka hadi 60, umande uko kwenye 19.5, sasa bamba lilelile la nyuzi 23 linapakika. Kama huna vipimo, chukua kitambaa chenye unyevu kidogo, futa sehemu yenye ukubwa wa kiganja, kisha tazama saa. Alama ikikauka ndani ya robo saa, fungua kopo. Isipokauka, kunywa chai. Mwombe mwendesha pampu ashushe kiwango cha maji siku za kupaka paneli za chini, na uache kazi saa kumi jioni ili rangi ifunge kabla ya umande wa usiku.

Ya tatu ni zinki. Paneli mpya zilizochovywa zinki hazitaki rangi ya mafuta moja kwa moja. Mafuta na zinki hufanya kitu kama sabuni katikati yao, na rangi yote huteleza. Osha kwa sabuni ya kuondoa mafuta, kwaruza kidogo, tumia praima iliyoandikwa wazi kwamba ni ya bati au chuma chenye zinki.

Kwa chuma cha zamani chenye kutu, kupuliza mchanga hadi kiwango cha usafi wa chuma kiitwacho Sa 2½ ni bora, lakini mjini katikati ya nyumba na soko vumbi lake ni balaa. Mashine ya brashi ya waya hadi St 3, kiwango cha usafi wa kukwangua, pamoja na epoksi inayovumilia uso wa namna hiyo, ni njia ya watu wengi. Kabla ya praima ya jumla, paka kwa brashi ndogo kila boliti na kila kingo, kwa sababu rola huziruka na kutu huanzia hapo. Rangi za zamani sana huweza kuwa na madini ya risasi. Zikwangue zikiwa zimelowa, tandaza turubai chini, makombo yasiachiwe kuku na watoto.

Wakati wa kukwangua utataka kuziba tundu la hewa juu ya tanki ili uchafu usiingie kwenye maji. Ziba kwa kitambaa cha wavu, kamwe si kwa nailoni. Mji ukivuta maji huku hewa haiingii, tanki linajinyonya na paneli zinaweza kukunjika kuelekea ndani. Usifunike bomba la kufurikia wala kipimo cha kimo cha maji. Ndani ya tanki hakuna rangi ya msanii inayoingia. Huko huenda tu rangi iliyothibitishwa kwa maji ya kunywa.

Tumia rola na brashi. Poliyurethani ikipulizwa kwa mashine kutoka mita 15 hutua kwenye mabati ya jirani na magari yaliyoegeshwa, na mvuke wake ni hatari kwa mapafu. Jukwaa liwe la mabomba ya chuma, lisimame kwa miguu yake lenyewe. Miti ya mikalatusi iliyofungwa kwa waya iacheni kwenye nyumba za chini. Kila mtu avae mkanda wa mwili mzima, na pawe na mpango wa kumshusha aliyening'inia ndani ya dakika chache, maana mkanda wenyewe hubana damu miguuni.

Msimu mzuri kwenu ni Desemba hadi Februari. Vumbi la miezi hiyo lisafisheni kwa maji kabla ya kila mkono wa rangi, hasa kwenye miji yenye viwanda vya saruji.

Je, rangi nyeusi haitachemsha maji? — Mkazi, Lira

Haitachemsha, lakini rangi nyeusi hushika joto, na maji ya uvuguvugu hupoteza klorini haraka. Kwenye tanki la lita 196,000, kama lile la msanii wa Mbale, linalojaa na kutoka kila siku tofauti ni ndogo. Kwenye tanki la plastiki la lita 5,000 la shule utaisikia mkononi. Paa libaki jeupe, rangi nzito ziwe kwenye maumbo tu, na mwendeshaji apime kama bombani kuna klorini isiyopungua miligramu 0.2 kwa lita, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri.

Tanki letu ni la zege, duara, kipenyo mita 8. Nataka jina la mji lisomeke kutoka steji ya mabasi, mita 300. — Msanii, Arua

Gawanya umbali kwa 200: herufi ziwe na kimo cha mita 1.5, unene wa mstari sentimita 25 hadi 30. Kwa umbali huo, jicho zuri haliwezi kutenganisha kitu chembamba kuliko sentimita 9 hivi, kwa hiyo kope za macho, manyoya ya ndege na ushanga uliouchora kwa upendo vitapotea. Chora maumbo makubwa. Maua madogo yawekwe ukutani chini, kwenye uzio.

Duara lina mtego wake. Mzunguko wa tanki lako ni mita 25, lakini mtu aliyesimama mahali pamoja husoma bila kupinda kama theluthi moja tu, mita 8.4. Herufi ya kimo cha mita 1.5 pamoja na nafasi yake huchukua upana wa kama mita 1.3. ARUA inaingia vizuri katika mita 5 na kitu. FORT PORTAL ingehitaji mita 14, kwa hiyo wenzako wa huko wangeiandika kwa mistari miwili. Rudia jina mara tatu kuzunguka tanki, kila moja likitazama barabara yake. Nyuma ya herufi zako kutakuwa na mbingu, hivyo tanki la samawati hafifu litayeyuka mchana. Maandishi meusi au ya buluu nzito juu ya rangi ya maziwa ndiyo yanayosimama.

Usibuni kwa ajili ya mtu aliyesimama chini ya mnara. Kwa mnara wa mita 12, aliye mita 10 kutoka mguuni anaona kimo cha picha kimepungua kwa zaidi ya theluthi; aliye mita 50 haoni tofauti. Buni kwa ajili ya soko na steji.

Zege jipya lisubiri siku 28, kisha praima inayostahimili ukali wa saruji. Ukiona unga mweupe kama chumvi, maji yanapenya: yazibwe kwa ndani kwanza. Rangi ya juu iwe ya akriliki ya nje inayoruhusu ukuta kupumua. Kuhusu kufifia chini ya jua letu la ikweta, rangi za udongo wa chuma (nyekundu ya matofali, manjano ya udongo, kahawia) hudumu, pamoja na buluu na kijani cha fthalo. Zile za kung'aa kama kalamu za kuwekea alama hufa ndani ya mwaka.

Na kwa wale wenye matanki ya paneli: paneli zenu ni miraba tayari. Mchoro wa kipimo cha moja kwa ishirini una mraba wa sentimita 6.1 kwa kila paneli. Nambarisheni zote mbili, na huhitaji projekta ya usiku.

Naweza kuchomelea samaki na korongo wa bati kwenye tanki, kisha tupake rangi? — Mwalimu wa sanaa, Kasese

Hapana, Mwalimu. Moto wa kuchomelea nje huunguza rangi ya kinga iliyo ndani, upande wa maji, na kutu huanzia mahali asipopaona mtu. Pili, bati lililosimama hushika upepo kama tanga, na miguu ya mnara haikukokotolewa kubeba tanga. Sanamu isimame chini, kwenye msingi wake. Sanamu ya Uhuru ya Gregory Maloba imesimama Kampala tangu 1962 bila kuegemea jengo lolote.

Kampuni ya vinywaji iko tayari kulipia kazi yote, nembo yake ikiwa kubwa kuliko picha. Wazee wa mji wanasema tukubali. — Mfanyabiashara, Busia

Tunawaheshimu wazee, ila tunapinga. Mji wa Florence, jimbo la Kentucky huko Marekani, mwaka 1974 ulikuwa na mnara mpya ulioandikwa FLORENCE MALL, jina la jumba la maduka ambalo hata halijajengwa. Serikali ya jimbo ikasema hilo ni tangazo lisiloruhusiwa. Kupaka upya mnara mzima kulikuwa ghali, basi wakaifanya M kuwa Y na alama ya ritifaa ('): FLORENCE Y'ALL, msemo wa watu wa kusini wenye maana ya "ninyi nyote". Ndiyo ipo hadi leo. Wao bahati iliwaokoa. Jina la soda ninyi mtalifanyia nini mkataba ukivunjika?

Mfadhili apewe kibao cha sentimita 40 kwa 60 kwenye uzio, kwa kimo cha macho, ambapo watu watakisoma kweli. Tena angalieni rangi. Tanki likiwa njano tupu, nusu ya mji itasema ni chama tawala na nusu nyingine kampuni ya simu. Jekundu tupu, vivyo hivyo kwa upinzani na kampuni nyingine. Changanyeni rangi tatu au nne, pasiwe na moja inayotawala. Nembo ya taifa msiiguse bila ruhusa ya maandishi.

Picha niliyochora imeanza kuonekana kwenye fulana na kalenda, na mimi sikupata kitu. Haki yangu iko wapi, na ni nani anayetakiwa kuitengeneza ikichubuka? — Msanii, Jinja

Iko kwenye mkataba, au haipo. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006 inasema kazi iliyoagizwa huwa ya aliyeiagiza, isipokuwa mkataba useme vingine. Kwa hiyo useme vingine: mji upate haki ya kuionyesha na kuipiga picha kwa shughuli zake, bidhaa za kuuza ziwe kwa makubaliano na malipo, na jina lako liandikwe chini ya mnara. Ongeza kifungu cha taarifa ya siku 60 kabla ya kuifuta picha. Usidai isifutwe milele. Tanki ni la maji, na siku kutu itakapofika hakuna mwenye mji atakayekusikiliza.

Malipo tunayoyapendekeza: asilimia 30 mkataba ukisainiwa, 30 rangi ya msingi ikikaguliwa, 30 picha ikimalizika, 10 ibaki kwa miezi 12 ya kasoro. Halmashauri itakata asilimia 6 ya kodi ya zuio ikiwa malipo yanazidi shilingi milioni 1. Dai risiti yake, kwani unahesabiwa nayo unapofanya mahesabu na Mamlaka ya Mapato, URA.

Matengenezo ni ya mwenye tanki, ila yaandikwe: kuosha kwa maji na sabuni laini kila mwaka mvua zikiisha, na kuziba michubuko kabla haijafika chumani. Usiwaachie makopo ya poliyurethani stoo. Kigumishi hukauka kopo likishafunguliwa. Waachie namba za rangi, na vibamba vya chuma vya sentimita 10 kwa 15, viwili kwa kila rangi: kimoja ndani ya faili gizani, kingine kifungwe kwenye uzio juani. Fundi atakayekuja baada ya miaka mitano ataviweka pamoja na kuona ni ipi iliyofifia, na kwa kiasi gani.